Ng'ombe Wanne Waliokwenda Kinyangiri

Jumanne, 1 Oktoba 1974
Keshokutwa bwana mifugo anaandikisha ng'ombe hapa Nduguti. Jirani yangu Kefa kaninong'oneza kuwa walioandikwa watapelekwa zizi la ujamaa. Kefa muongo, lakini uongo wake huwa na mkia wa kweli. Nina ng'ombe wanne tu, na mmoja wao, Kidoa, ana mimba. Kidoa simtoi! Nitawaficha kwa mama mkwe, Kinyangiri. Mke wangu Leah sijamwambia. Siri ya watu wawili ni baraza.

Jumatano, 2 Oktoba
Nimeingia Kinyangiri mchana kweupe. Kosa! Wanawake wakatoka na vigelegele. Sikuelewa. Mzee mmoja akanishika mkono, akasema sasa mkwe wetu amekuwa mtu mzima. Hapo ndipo nilipoelewa. Mahari ya Leah sijamaliza tangu nimuoe. Wamebaki ng'ombe wanne. Wanne hasa!
Wakanichinjia jogoo. Nimemla kwa aibu. Vidole nimelamba.

Alhamisi, 3 Oktoba
Bwana mifugo kaniuliza ng'ombe, nikasema sina. Kefa akauliza mbona zizi lina mavi mabichi. Nikasema ya wageni. Watu hoi kwa kicheko. Kumbe hakuna anayechukuliwa ng'ombe! Wanaandikwa wapate chanjo na josho. Kefa mwenyewe kaandikisha wote, anatembea kama dume.
Jioni Leah karudi kisimani na machozi ya furaha. Habari imemfikia. Dada zake walikuwa wanamwita mke wa mkopo. Nimekosa pa kuweka uso.

Ijumaa, 4 Oktoba
Nimewafuata ng'ombe wangu. Mama mkwe hatazamwi usoni, kwa hiyo nimeongea na ukuta wa nyumba yake ya tembe. Nikakohoa. Nikasema wale ng'ombe walikuja kutembea tu. Kisha mama mkwe akamgeukia kuku wake.
“Kuku, mwambie mkwe wangu, baba Paskali, kwamba bwana mifugo amepita asubuhi. Ng'ombe wetu wameandikwa, na chapa ya moto wamepigwa. Tumeshukuru. Kwenye mahari bado mbuzi sita wa shangazi yake Leah.”
Harufu ya manyoya yaliyoungua bado ilikuwapo. Kidoa akaniona, akalia. Nusura tulie wote. Nikauaga ukuta, nikaondoka.

Jumapili, 6 Oktoba
Leah kanipikia mlenda mzito, kanipa kiti chenye mgongo. Siku zote nakalia kigoda. Akauliza kama moyo hauniumi kwa Kidoa. Nilitaka kusema kweli, kweli ikakwama na tonge. Nikasema mwanaume hatoi kwa kinyongo. Akanitazama kwa heshima! Bora angenipiga na mwiko. Nimekula nimeinama.

Jumatatu, 7 Oktoba
Kefa kapita. Anasema wiki ijayo ni zamu ya mbuzi, na safari hii wanachukua kweli. Ninao sita. Kwa mama mkwe sirudi ng'o, mjinga huenda mara moja. Nimekumbuka shangazi yake Leah. Bibi mpole, masikio mazito, haulizi kitu. Zizi lake tupu.
Nitawapeleka usiku, vigelegele visiwepo.