Jinsi Bostjan Hribernik Alivyourusha Mpira kule Wevelzele

Jongeeni, enyi mlao chipsi mkiwa mmesimama mvuani, nanyi mashabiki wa timu zisizopanda daraja. Wekeni bia chini msikie makuu. Mimi ni Firmin, mfua jezi wa klabu ya Wevelzele, na niyasemayo niliyaona kwa macho yangu pale benchi.

Palikuwa na shujaa, Bostjan Hribernik, beki wa kushoto, simba wa Slovenia, mteka nchi saba asiyekaa hata moja. Alipigana Graz msimu mmoja, Kiel nusu msimu. Odense aliondoka jezi yake haijakauka. Hakuna aliyemtukuza ila mama yake. Bibi Marija alimfuata kila mji kwa basi, na kila mji akaambulia patupu: Graz mwanawe ana bandeji, Kiel yuko benchi, Patras ametolewa kwa kadi nyekundu mama angali akitafuta kiti. Miaka kumi na mitano, naye hajamwona akigusa mpira katika nchi za watu.

Ikafika siku ya mwisho ya msimu, iliyokuwa ya mwisho ya Bostjan pia. Majeshi ya Wevelzele yalikwisha kuchinjwa mabao manne kwa nunge. Dakika ya themanini na tisa kocha, sijui kwa huruma au kwa kuchoka, akamwita. Shujaa akavua koti, akaingia vitani, na papo hapo mpira ukatoka nje upande wake. Akaunyanyua juu ya kichwa, akatazama jukwaani. Ole wake, Bibi Marija amevua miwani, anafuta matone ya mvua kwa ncha ya skafu.

Shujaa hakurusha.

"Rusha, mzee," nahodha Wouter akafoka. "Tumepigwa nne, unampotezea nani muda?"

Jukwaa likazomea, wetu na wao kwa sauti moja, jambo lisilopata kutokea Wevelzele. Refa akaja mbio, mkono mfukoni. Ndipo Bostjan akahutubia:

"Mheshimiwa refa, nimetii filimbi za nchi saba. Kadi nipe, ila moja tu, mbili zitaniharibia. Lakini mpira huu hauniondoki mikononi mpaka mama yule avae miwani yake."

Refa akageuka, akamwona bibi. Kadi ya njano akaitoa, ila jina aliliandika taratibu mno, kisha akaomba atajiwe tena.

Miwani ikapanda puani. Mpira ukapaa, ukamwangukia adui mguuni, na filimbi ya mwisho ikalia.

Bibi Marija akashuka hadi kwenye uzio. "Nimekuona, mwanangu," akasema. "Sasa vaa koti."

Bostjan akalia waziwazi, nami nikalia, na nani wa kunicheka?

Enyi waandishi wa tarehe, futeni yale mabao manne. Andikeni kama refa alivyoandika katika ripoti yake: namba kumi na tisa, Hribernik, ameonywa kwa kupoteza muda, timu yake ikiwa inafungwa.