Askofu na Maji ya Mfereji

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Ukungu mzito tangu alfajiri. Manyunyu. Mlima haupo. Mtaa wetu wote wa Ruring'u umevaa makoti.

Madam Karimi, meneja wetu hapa Sacco, chama cha akiba na mikopo, ameenda Embu kwa mafunzo ya wiki mbili. Kabla ya kuondoka alisimama kando ya tangi la samaki, pale wateja wanapongojea, akauliza nani atalitunza. Mna samaki wa dhahabu watano. Mkubwa wao ana kichwa cheupe mfano wa kofia, na Madam anamwita Askofu. Anampenda Askofu kuliko mteja anayelipa mkopo kwa wakati.

Jambo lenyewe: akirudi atapendekeza nani awe meneja wa tawi jipya la Nanyuki. Ni mimi au Kasyoki, mwenzangu wa dirisha la pili. Hakuna wa tatu.

Kasyoki ndiye aliyetazamwa kwanza. Akasema yeye ni mtu wa Kitui, kwao maji walikuwa wakiyaona kwenye kalenda. Watu wakacheka. Mjinga! Nikasimama. Nikasema mimi ni mtu wa ziwa, Madam, niachie mimi. Akafurahi sana. "Kweli, Apondi, nyinyi mmezaliwa na samaki."

Ukweli, na usitoke humu: nilizaliwa Kisumu, nyumba za reli. Samaki wote ninaowajua nilikutana nao kando ya ugali.

Mkakati: Madam akute tangi linalong'aa mpaka alione kutoka barabarani.

Jumanne, 5 Agosti

Baridi. Jua la dakika chache, kisha likajuta.

Nimefungua kichujio. Ndani kuna sponji. Aibu! Nyeusi, telezi, inanuka soksi. Na huyu Madam anatukagua kucha! Nimeiosha kwa maji moto na dawa ya kung'arisha nguo, nikaisuuza mpaka vidole vikafa ganzi. Imetoka nyeupe kama mkate. Kisha nikamwaga maji yote ya zamani, nikajaza mapya ya mfereji.

Linang'aa. Kasyoki alipita, akalitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Wivu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mvua nyepesi.

Askofu yuko juu ya maji anatweta. Wengine wanne wamejipanga nyuma yake, midomo nje. Mzee Ndungu, mkulima wa viazi kutoka Endarasha, alikuwa akingoja mkopo wa mbegu. Akaniuliza, "Mathe, hii samaki kubwa iko na njaa ama iko na maombi?" Nikamwambia ni mazoezi. Kasyoki akapaza sauti kutoka dirisha lake: "Nyar nam, hao wamekuja kuomba mkopo?" Hupenda kuniita hivyo, binti wa ziwa. Foleni nzima ikacheka.

Saa ya chakula nimekimbia mjini kwa Gicheru, anayeuza vyakula vya kuku, mbwa na samaki. Mcheshi kupita kiasi. Ameniuzia chupa ya kupimia amonia, ule uchafu unaotoka kwenye mkojo wa samaki. Unatia matone kwenye maji: yakiwa manjano, salama. Yakiwa kijani, hatari.

Tangi: kijani cha sukumawiki.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa utaratibu, nikapima na maji ya mfereji yenyewe. Kijani! Hafifu, lakini kijani! Kumbe nilikuwa nawaogesha Askofu na waumini wake kwenye amonia mpya!

Nimempigia Gicheru. Anasema maji mengine ya mfereji husafishwa kwa klorini iliyofungwa pamoja na amonia. Kuna dawa ya matone ya kuifungua na kuishika amonia isidhuru, na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye sponji watamalizia kazi kwa kuila. Akaongeza kwamba sponji haioshwi kwa maji ya mfereji hata siku moja. Nikacheka. Nikamwambia nani atafanya upumbavu huo.

Ijumaa, 8 Agosti

Ukungu.

Nimenunua ile dawa kwa Gicheru, nimeitia. Nimepima. Kijani. Gicheru anasema dawa inaishika amonia lakini kipimo bado kinaihesabu, nitulie. Siwezi kutulia kwenye rangi ya kijani.

Wazo: kuchemsha. Kila kitu kibaya katika nchi hii huchemshwa. Nimeteka birika la ofisi tangu saa mbili. Chemsha, poza, pima. Kijani. Chemsha tena. Kijani. Saa nne wenzangu wakaja na vikombe, hakuna chai. Kasyoki akatangaza kwamba chai ya leo imepewa Askofu, tufunge na kuomba. Nikajaza birika tena. Meneja mtarajiwa hajibizani.

Jumapili, 10 Agosti

Mawingu, lakini kavu.

Maji ya mvua! Hayana klorini, hayana cha kufungwa wala kufunguliwa. Mwenye tangi kubwa la maji ya mvua hapa Ruring'u ni Kasyoki. Baada ya kanisa, yeye akiwa kwenye kamati ya harambee, nimeenda kwa mkewe, Mutanu, na mitungi miwili. Nimemwambia ni ya kuoshea nywele. Akatazama nywele zangu. Nimenyoa karibu kipara, kama askari jela. Akanijazia tu, mwanamke mwema.

Nikakaribishwa chai. Na sebuleni, kando ya televisheni, nimeona nini? Tangi la samaki! Kubwa! Samaki wanene, wametulia kama wastaafu. Mutanu anasema Kasyoki anafuga mwaka wa sita huu. Mwaka wa sita! Na Jumatatu anajifanya mtu wa kalenda! Maskini, naona aliogopa kushindana na mtu wa ziwa.

Nimepima maji ya mvua: manjano. Haleluya. Nimepitia ofisini, mlinzi akanifungulia, nimeyamimina.

Jumatatu, 11 Agosti

Baridi ya kukata.

Kijani tena. Askofu amelala ubavu kwenye kokoto. Nilipomgusa alinigeuzia jicho moja, akanilaumu.

Imebidi nimwambie Gicheru kuhusu sponji. Nimesema ni binamu yangu aliyeiosha. Alicheka mpaka nikaweka simu mezani. Anasema binamu ameua wadudu wote, sasa hakuna wa kuila amonia hata nikileta maji ya mbinguni. Dawa ni moja: kipande cha sponji chafu kutoka tangi la mtu mwingine lililo hai.

Namjua mtu mmoja tu mwenye tangi. Kumwomba Kasyoki? Afadhali nimwombe Askofu mwenyewe.

Jumanne, 12 Agosti

Jua! Mlima umetokea wote, mpaka theluji.

Nimefanikiwa. Nimemtembelea Mutanu jioni nikiwa na mkate na makasi. Alipoingia jikoni kupasha maziwa, nimefungua kichujio chao, nimekata nusu ya sponji, nimeitia kwenye mkoba. Mkoba umeharibika. Mutanu aliporudi akasema kuna harufu ya mto. Nikasema ni marashi. Kisha nimerudi ofisini mbio, nikaitia ndani ya kichujio chetu.

Ijumaa, 15 Agosti

Manyunyu.

Manjano. MANJANO! Askofu anaogelea huku na huku kama anayetoa baraka. Mzee Ndungu amesema sasa ameiva, tunangoja nini.

Jumatatu, 18 Agosti

Ukungu asubuhi, ukaondoka saa tatu.

Madam amerudi. Amelitazama tangi, karibu alie. Akaniuliza nimefanyaje. Nikasema ni damu tu, Madam, sisi watu wa ziwa. Kisha akatuita mkutanoni.

Meneja wa Nanyuki ni Kasyoki.

Madam anasema alikusudia kunipeleka mimi. Anasema hivyo mbele ya watu! Lakini baada ya kuona maajabu haya, hawezi. "Apondi akienda Nanyuki, Askofu atazikwa wiki hiyohiyo." Ameagiza tangi la pili, kubwa zaidi, la kuwekwa kwenye ujia. Ni langu pia.

Watu wakapiga makofi. Kasyoki akanishika mkono, akaninong'oneza: "Nyar nam, sponji ningekukatia mwenyewe. Ungeomba tu." Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Madam kwamba anafuga samaki. Akashangaa kabisa. "Na Nanyuki ningefika vipi?" Anasema pia tangi lao halitaingia kwenye lori, Mutanu ameshauri niachiwe mimi.

Nimekaa chooni robo saa.

Lakini saa tisa akaingia Mwenyekiti wetu, Bwana Muchangi. Tetesi ni kwamba kutafunguliwa tawi Endarasha mwakani, na anayechagua ni yeye. Akataja kwamba ana mizinga ya nyuki nyumbani, na mtunzaji wake amehama. Kila mtu akatazama viatu vyake. Waoga!

Nikasimama. Nikasema, Mwenyekiti, nyuki ndio niliolelewa nao.

Nitaanza Jumamosi. Nimepita mizinga ile kwa mbali jioni, na kusema kweli ni michafu sana. Nimenunua brashi ngumu na sabuni.

Nalala sasa, saa saba kasorobo usiku.