Simu za Fundi Bomba

Jumatatu, 3 Machi

Nimefanya! Leo mchana nimemwomba Mama Mapazia anioe. Nimwoe! Hata kalamu imechanganyikiwa.

Duka lake linatazamana na kibanda changu cha makufuli. Kwa miezi mingi nimekuwa nikichonga funguo huku jicho moja liko ng'ambo ya barabara. Ndiyo maana nusu ya funguo hizo zimerudishwa. Leo nilimkuta amepanda ngazi, pini mdomoni, anatundika pazia. Nikasema. Hakuanguka. Ishara njema! Akazitoa pini moja moja, akasema atanijibu Jumamosi kwa simu, kwa sababu akinitazama usoni atacheka, na jambo lenyewe si la kucheka.

Kwa simu! Hapo ndipo penye kazi. Nyumbani kwangu kuna sheria: simu ikilia, aliye karibu nayo apokee. Aliyeitunga ni dada yangu mkubwa, ambaye mimi na binti yangu tunamwita Kamanda, akiwa hayupo. Alihamia kwangu mke wangu alipofariki, ili atushike mkono. Hajauachia mpaka leo. Wiki iliyopita Mama Mapazia alipiga, Kamanda akapokea, hata salamu hakusubiri, akamweleza kwamba niko chooni na kwamba tumbo langu tangu utotoni ni la kubembelezwa.

Kamanda hajawahi kumwona kwa macho, na asijue kitu kabla ya Jumamosi. Mwaka juzi nilijaribu kumsogelea mama mmoja mpole wa kwaya. Kamanda akamfuata kwake, akamkagua meno, akamuuliza ana kasoro gani hata hajaolewa. Mama wa watu alihama mtaa. Sitaki Mama Mapazia ahame. Nampenda, basi! Sitaki kuzeeka nikizungumza na vitasa.

Dawa nimeipata. Nimefuta jina lake kwenye simu, nikaandika "Fundi Bomba". Nani ana hamu ya kuongea na fundi bomba? Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi mwenye upara leo zimeniota.

Jumanne, 4 Machi

Kamanda ana hamu ya kuongea na fundi bomba.

Ningejuaje? Kumbe bomba la bafuni linavuja tangu mwezi jana na amekuwa akinisema kwa majirani. Nilikuwa mlangoni navua viatu, simu ikalia mezani. Tukatoka mbio wote wawili. Yeye ana magoti mabovu, mimi nilikuwa na kiatu kimoja. Akanishinda. Akasoma jina, akapokea, akaanza kumshukia: nyie mafundi kazi yenu ahadi tu, watu wazima humu tunaoga kwa matone kama ndege!

Nikabaki nimekumbatia kiatu. Kisha nikaisikia sauti ya Mama Mapazia ikiuliza, bila haraka, bomba lenyewe ni la maji moto au baridi. Jamani, mwanamke gani huyu!

Kamanda alikata simu ameridhika kabisa. Akasema fundi ni mwanamke, ndiyo maana ana adabu, na atakuja keshokutwa. Nikasema vizuri sana. Nimekula chakula cha jioni sijui hata kilikuwa nini. Kesho nitavuka barabara nimwambie asije.

Jumatano, 5 Machi

Mama Mapazia hayupo. Ameenda kupima madirisha ya shule, kutwa nzima, na akiwa kazini hapokei simu.

Lakini nina mpango mpya, wa kisasa! Jirani yangu wa kibanda, fundi viatu tunayemwita Gundi, anajidai mjuzi wa simu. Simpendi. Naye anamnyemelea Mama Mapazia. Juzi alimshonea kisigino bure, kisha akampigia mluzi mpaka alipoingia dukani kwake. Ila shida haichagui mlango. Nikamwambia nina mteja, mtu mkubwa sana, anayetaka kuficha simu na ujumbe wa mtu fulani. Gundi akanitazama kama anayepima soli, akasema iko programu. Unaitia namba ya huyo mtu, na kuanzia hapo akipiga simu hailii, akiandika hakuonekani kitu. Vyote vinaingia kimya kimya kwenye kisanduku cha siri, na kisanduku unakifungua kwa kuchora mstari kwenye vitone.

Nikaiweka papo hapo, katikati ya kazi, mikono imejaa grisi ya kitasa cha geti. Nilichora mstari wa kufa mtu, wenye kona na marejeo. Nikaurudia kuuthibitisha. Safi!

Jioni nikaoga, nikanawa vizuri, nikajifungia chumbani nisome alichoniandikia. Nikachora. Ikakataa. Nikachora kwa upole. Ikakataa. Mstari umenitoka kichwani! Mimi! Mimi niliyemtoa mwenyekiti wa mtaa chooni kwa waya wa mwavuli! Mganga hajigangi. Na namba yake nayo imeingia humo humo, kwa hiyo hata kumpigia siwezi.

Si neno. Kamanda haoni kitu. Mimi pia sioni kitu. Tuko sawa.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi na mapema nikawa mlangoni kwa Mama Mapazia. Pamefungwa. Gundi akaniambia, huku anatabasamu, kwamba amemwona akipita na mkoba wa vyuma. Vyuma! Nikafunga kibanda, nikakimbia mpaka nyumbani.

Nilimkuta bafuni kwangu. Amevaa ovaroli, kilemba kichwani, amelala chali chini ya sinki na spana mkononi. Na Kamanda amekalia ndoo iliyopinduliwa, anammulikia tochi! Kamanda hajawahi kummulikia mtu tochi, labda mwizi. Mama Mapazia akanisalimia kama asiyenijua, akaniuliza kama bwana mwenye nyumba alipata ujumbe. Nikasema ujumbe upi? Akanitazama kwa muda. Sikuupenda ule mtazamo. Kamanda akaniambia nisimsumbue fundi, niende zangu kazini.

Na bomba limepona! Amebadilisha mpira wa ndani, hakuna tone hata moja. Mtu aliyeishi peke yake miaka mingi, kumbe hana asichojitengenezea. Kamanda akaandika namba yake kwenye simu yake mwenyewe, kisha akamsindikiza mpaka kona. Kwa kawaida wageni wa Kamanda huondoka wenyewe, tena kwa kasi.

Siri iko salama. Nimejipongeza.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa! Balaa lenye miguu na mikono!

Leo kabla sijatoka Kamanda amenikalisha sebuleni. Akasema anazungumza nami kama mtu aliyenibeba mgongoni. Akasema nimekaa mgane vya kutosha, nakonda, naongea na funguo, na sasa Mungu mwenyewe ameleta mwanamke mlangoni na spana yake. Kwa nini nisimfikirie Fundi Bomba?

Mtu mwenye akili angesema, haya dada, nitamfikiria. Ningekuwa nimefika! Lakini wiki nzima nimeishi kwa siri, na aliyezoea siri huona mitego hata kwenye baraka. Nikajua ananipima. Nikaruka juu. Nikasema, yule? Kamwe! Nikasema ana mikono kama ya mbeba mizigo. Nikasema anatembea kama anayesukuma toroli. Nikasema heri nioe kitasa. Ulimi hauna mfupa, na wangu leo haukuwa na breki.

Kamanda aliangalia simu yake pale mezani. Alikuwa amempigia Fundi Bomba kabla hajaniita, akaiweka spika, ili mwenzangu asikie kwa masikio yake nikimsifu.

Simu ikasema sawa. Ikakatika.

Sijui nilifikaje barabarani. Pazia la duka lake limeshushwa. Kwa mtu wa mapazia, hilo ni neno zito. Nilirudi kumwomba Kamanda namba, akawa amejifungia chumbani na simu yake, hataki kunisikia. Ameniita mpumbavu kupitia tundu la ufunguo. Kitasa nilikiweka mimi, najua sauti inapita vizuri.

Labda ananipigia. Labda ananitukana, na matusi yote yanaingia kwenye kile kisanduku. Sijui! Nimejifichia mambo yangu mwenyewe! Kesho ndiyo siku ya jibu, na jibu likija halitalia. Nimelia mimi badala yake, kidogo tu, nyuma ya mlango wa kibanda.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nikakimbia tena dukani kwake. Hayupo, yuko kwa wateja. Gundi amevaa shati jipya na kujipaka manukato mpaka nzi wamehama. Nikataka kuangalia simu. Nimeisahau nyumbani!

Niliporudi, Kamanda na binti yangu walikuwa dirishani wameishika, wanajiuliza kile kisanduku kimefungwa kwa nini. Binti yangu ni mwalimu wa hesabu, maneno machache, macho mengi. Aliniambia, baba, una vidole vichafu. Akaulaza uso wa simu kwenye mwanga. Grisi! Mstari wangu wote, kona na marejeo, ulikuwa umebaki juu ya kioo tangu Jumatano, unang'aa kama njia ya konokono. Binti akaufuata kwa kidole. Kisanduku kikafunguka. Fundi makufuli mzima, nimetembea siku zote hizi ufunguo ukining'inia nje ya mlango.

Wakanisomea kwa sauti, mimi nimesimama kama mtuhumiwa. Jumatano: dada yako amenialika, nije au nisije? Tena Jumatano: fundi, nijibu. Tena: haya, kimya chako nakichukua kuwa ndiyo, naenda kuazima spana. Alhamisi: dada yako ni mtu mzuri, kwa nini tusimwambie leo? Tumwambie leo! Na mimi nikamjibu kwa kimya! Ijumaa ulikuwepo ujumbe mmoja tu: msalimie kitasa.

Kamanda akavua miwani. Nikasubiri mvua ya mawe. Akaniuliza kitu kimoja tu, kwa nini sikumwambia. Nikasema kweli, kwa kuwa uongo ulikuwa umeniishia. Nikasema nilimwogopa. Nikamtaja yule mama wa kwaya. Akasema yule meno yake yalikuwa mabovu kweli. Kisha, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, akasema aliogopa kwamba mke akiingia, yeye atatolewa. Nikamwambia chumba chake ni chake mpaka Mungu atakapoamua vingine. Binti yangu akageukia dirishani akapenga kamasi kwa muda mrefu.

Simu ikalia. Ikalia kwa sauti, maana binti alishaitoa ile namba kisandukuni. Fundi Bomba! Nilikuwa na hatua chache tu. Lakini Kamanda ndiye aliyekuwa karibu, na sheria ni sheria. Akapokea.

Nikapiga magoti kwenye zulia. Kweli kabisa. Kamanda akasikiliza. Akasema ndiyo, akamsimulia habari za kisanduku na grisi. Akasema hapana, hakuangushwa akiwa mtoto, yuko hivyo hivyo tu. Akacheka! Akaendelea kucheka huku mimi nakufa. Mwishowe akafunika simu kwa kiganja, akaniambia: mwenzako anasema jana alikata simu kwa sababu alishindwa kuzuia kicheko, akakaa chini sakafuni. Anasema amefikiri sana. Mwanaume anayeshindwa kuficha mambo namna hii, mkewe atalala usingizi mzuri. Jibu lake ni ndiyo.

Ndiyo! Ndiyo! Nimembusu Kamanda, akanipiga kofi. Nimembusu binti. Nimezunguka sebule nikigonga meza. Mama Mapazia ana sharti moja: nisifiche tena kitu kwenye simu. Nimeapa kwa sauti, mbele ya mashahidi, nikiwa nimerudi magotini.

Jumapili, 9 Machi

Siku nzuri kuliko zote! Kamanda anazunguka mtaani akieleza jinsi alivyonitafutia mke. Mimi naitikia tu. Gundi amenipa mkono, wa baridi, akasema atanishonea viatu vya harusi. Nitavikagua misumari.

Simu yangu sasa iko wazi kama kiganja. Sina siri hata moja.

Ila hii. Mama Mapazia amesema siku ya harusi lazima tucheze, na mimi nikicheza nafanana na mtu anayefukuza mchwa miguuni. Nataka kumshangaza! Nimempata mwalimu wa dansi, dada mmoja kijana, sauti tamu kama asali, ambaye atakuwa ananipigia kunipangia mazoezi. Hiyo si siri. Ni zawadi ambayo haijafunguliwa. Na wiki hii imenifunza jambo kubwa: kosa halikuwa kuficha. Kosa lilikuwa jina! Fundi bomba ni mtu anayehitajika. Lazima liwe jina la mtu ambaye hakuna atakayethubutu kumpokea.

Nimelitafuta tangu asubuhi, nikalipata. Mwalimu nimemwandika "Marehemu Mjomba".

Simu nimeiacha mezani sebuleni, wanapokaa Kamanda na Mama Mapazia wakipima madirisha. Mimi naenda kuoga, sina wasiwasi wowote.