Mahamri Yangu Si ya Kuliwa

Jamani, leo nimeaibika. Na hasira nilizo nazo zinaizidi hiyo aibu, kwa hivyo anayetaka kunishauri anyamaze kwanza.

Ugonjwa wangu mnaujua. Nakusanya nyumba za wanasesere, zile kuukuu za mbao zinazokuja ndani ya marobota ya mitumba. (Wenzangu hununua dhahabu. Mie nanunua mapaa yaliyooza.) Hii ya sasa niliipata soko la Kongowea, haina ngazi, madirisha yameng'oka, na panya wameshazaa chumbani. Nimeipiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Nikaitia kitanda cha samadari, mkeka wa ukindu na baraza mbele. Ilibaki karamu tu ya kuweka mezani.

Karamu nikaipika kweli! Unga wa kweli, iliki ya kweli, mahamri madogo madogo kama maharage. Nikayakaanga, nikayakausha, na leo asubuhi nikayapaka vanishi ili yasioze. Kisha nikayaacha jikoni kwenye kisahani, karibu na dirisha, yapate upepo.

Jikoni! Hivi kichwa changu kilikuwa wapi?

Maana leo hii hii alikuwa anakuja shangazi yake Faraj kutoka Likoni. Faraj ndiye anayetaka kunioa, na shangazi huyo ndiye aliyemlea. Asipokubali yeye, posa hakuna.

Nilikuwa chumbani natafuta pini ya mtandio niliposikia hodi. Mama akamkaribisha mgeni. Nikasikia vikombe. Kisha nikamsikia shangazi:

"Mashallah! Visheti hivi kapika nani?"

"Kapika Mwanaisha mwenyewe," mama akajibu kwa maringo.

Visheti? Mie sijapika visheti! (Nyie wa bara, visheti ni vitafunio vidogo vya unga, hukaangwa vikavikwa shira ya sukari mpaka ving'ae.) Ving'ae. Hapo ndipo moyo uliponipasuka. Mama ameona mahamri yangu yanang'aa, akadhani nimemwandalia mgeni!

Nikatoka mbio. Kisahani changu kiko katikati ya sinia, baina ya kaimati na sambusa. Shangazi ameshachota kiganja kizima, na hamri moja liko mdomoni.

Mtu mwenye akili angesema, "Shangazi, tema, utadhurika." Mie, wallahi, nilichoona ni mtu anamaliza karamu yangu ya mwezi mzima. Hasira zikanipanda. Nikamshika mkono, nikayapokonya yote!

"Rudisha! Hayakupikwa kwa ajili yako!"

Na shikamoo sijampa.

Mama kashika kifua.

"Mwanangu," shangazi akasema taratibu, "kwani ni ya nani?"

"Ya wanasesere!"

"Wanipokonya mie chakula mkononi, ukawape wanasesere?"

Ndipo nikaikumbuka vanishi. "Tema, shangazi! Yamepakwa vanishi!" Akatema kwenye leso. Maji yakaletwa, akasukutua huku ananitazama. Badala ya kumwomba radhi, nikamgeukia mama.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize nini? Nani hupika chakula kisicholiwa? Wazimu huo!"

Nikamjibu. Nilivyomjibu siandiki hapa, kuna wazee humu. Tulipomaliza kupigiana kelele, shangazi alikuwa mlangoni anavaa viatu vyake.

Faraj kanipigia sasa hivi. Nikaanza kujitetea hata kabla ya salamu: vanishi haikuwa nyingi, hakuimeza, wala sikumkusudia ubaya.

"Ya vanishi shangazi amekusamehe," akanikatiza. "Asema jikoni kila mtu hukosea. Ila asema mchoyo hamwingizi kwenye ukoo."

Mchoyo! Mie! Yaani kumlisha mtu vanishi si kosa, kosa ni kumzuia asiile!

Nimemwambia Faraj kesho navuka feri niende Likoni nikampigie magoti. Akasema niende, lakini nisiende mikono mitupu, na chochote nitakachobeba nimwachie akile mpaka ashibe.

Basi msinicheke. Kuanzia leo, mgeni wangu akitamani kula hata mlango, nitamwambia karibu, na chai nitamtilia.