Miale Mitatu Iliyotokea Kwangu

Makorora, Tanga
12 Machi 1957

Bwana Mganga Mkuu mheshimiwa,

Baada ya salamu nyingi, mimi ni Sadalla bin Idarusi, fundi cherehani, jirani yako wa ukuta kwa ukuta. Nakuandikia kwa adabu, ingawa roho inanichemka, juu ya chumba mnachojenga hospitalini cha mashine ya kuchoma uvimbe kwa miale.

Fundi wako, Bwana Ernesti, hana mashine ya kukokotoa unene wa ukuta, basi anatumia dadu. Amechora ukuta karatasini, safu nne. Kila mwale hurushiwa dadu: ikija moja au mbili, mwale umefia ukutani, tatu au nne, umerudi safu moja nyuma, tano au sita, umesonga mbele. Katika miale mia ya kwanza, mitatu imepita safu zote nne ikatokea upande wangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwale wa themanini na tisa si halali. Dadu iliangukia uvunguni mwa kabati, Bwana Ernesti akainama, akasema ni sita. Tanga nzima inajua dadu ya uvunguni hurushwa upya.

2. Miale hiyo imeingia nyumbani kwangu bila hodi. Mashine bado iko melini, nakubali. Lakini ikiwa ya karatasini haina adabu, ya kweli itakuwaje?

3. Mke wangu Mastura amehamia kwa mama yake, mtaa wa Nguvumali, leo siku ya kumi na tisa. Sababu ni ukuta huu, nyingine siioni. Namtaka mke wangu, Bwana Mganga. Ugali ninaosonga mwenyewe hata paka kaukataa.

4. Kwa hiyo ukuta uongezwe mabati ya risasi hadi safu kumi. Ikishindikana, hospitali yote ihamie mtaa wa Mabawa, ila ukuta mniachie, nimeuzoea.

Wasalimie wauguzi, wagonjwa, na Bwana Ernesti, ambaye sina ugomvi naye hata kidogo.

Wako mtiifu mwenye manung'uniko,
Sadalla bin Idarusi

Nyongeza: Nimempelekea Mastura barua hii aitie dole gumba. Aliposomewa alicheka mpaka akakaa chini. Anasema yeye miale haijui wala haiogopi. Aliondoka kwa kuwa nashinda dirishani kwa Bwana Ernesti nikihesabu dadu, na suruali za watu zimelala bila pindo. Nikiacha, atarudi kesho yake. Basi ukuta uacheni ulivyo, zibeni dirisha. Ila msilizibe kabla ya Jumamosi: tumefika mwale wa mia saba na arobaini, nao uko safu ya tatu.