Kona ya Mtaa Namba Saba

Jumatatu, 3 Machi

Mtaa Namba Saba utapewa jina. Kasema mpima ardhi wa manispaa, saa nne asubuhi, mlangoni pangu, futikamba mkononi. Jina litoke katika historia ya eneo. Kikao Jumamosi.

Historia! Kabla ya nyumba hizi hapa palikuwa na shamba la ng'ombe wa maziwa, na babu yangu ndiye aliyewachunga. Basi, mtaa uitwe jina la babu. Nami nimerithi jina la babu. Nitatoka nje kila asubuhi nijisome kwenye kibao.

Jirani wa ng'ambo ya ukuta, mwalimu mstaafu, anataka Mtaa wa Kisima, kwa sababu kisima cha shamba kimo uani kwake. Kisima! Kilikauka kabla sijazaliwa. Ana ramani mbili za zamani. Mimi nina babu.

Jumanne, 4 Machi

Ushahidi unahitajika. Nimefinyanga jiwe la msingi kwa saruji, nikachora kwa msumari jina la babu na mwaka 1921. Nimelipaka majani ya chai lizeeke, nikalifukia kwenye tuta la maua. Mke wangu akauliza dirishani: babu si alizaliwa 1926? Nimemjibu kwamba historia haihitaji hesabu.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwita mpima ardhi, nikalima mbele yake kana kwamba sina habari. Jiwe likaibuka! Nikapiga ukelele wa mshangao, nilioufanyia mazoezi bafuni. Akaligusa. Kidole kikazama. Saruji mbichi. Akasema, bila kucheka, kwamba ni jiwe la kale la kwanza kumchafulia shati.

Mwalimu alikuwa juu ya ukuta; kumbe jana alimsikia mke wangu. "Jirani, babu yako alijenga kabla ya kuzaliwa? Mzee alikuwa na haraka kweli!" Njia ya mwongo fupi, akaongeza. Mwalimu hastaafu.

Alhamisi, 6 Machi

Sasa shahidi hai. Shangazi, binti wa babu, miaka sabini na mitano. Ndiye pekee aliyebaki kati ya waliokamua pale shambani. Nimemfundisha sentensi moja: baba yangu ndiye aliyeuchora mtaa huu. Kairudia mara kumi bila kukosea. Nikamruhusu aongeze chochote kizuri anachokumbuka.

Jumamosi, 8 Machi

Watu thelathini na wanne ukumbini. Shangazi kasimama, kaitamka sentensi. Makofi!

Mwalimu akauliza kwa adabu mzee aliuchoraje. Shangazi akafurahi kuulizwa. Baba yake, akasema, kila siku baada ya chakula cha mchana alilala katikati ya njia ya ng'ombe, kofia usoni. Ng'ombe mia mbili wakamzunguka, kwa miaka kumi na mmoja, hadi njia ikapinda. Barabara ikafuata njia. Ndiyo ile kona mbele ya nyumba yangu, ambayo lori la taka hulazimika kuikata kwa awamu tatu.

"Mwenye shamba alimwamsha mara moja tu," akasema. "Siku ya kumfukuza."

Nikamkanyaga mguu.

"Mwanangu, mbona wanikanyaga? Si umesema niongeze?"

Watu wakavunjika mbavu. Mwalimu akatandaza ramani zake: 1958, njia imenyooka, 1969, imepinda palepale. Kisha akaliondoa ombi la kisima, akasema historia ya kweli imepatikana. Kura thelathini na tatu kwa moja. Moja ni yangu. Mtaa wa Usingizi.

Jumapili, 9 Machi

Kibao kimewekwa. Shangazi kaja kukitazama, kalia kwa furaha. Muuza maziwa kagonga, kauliza kama tumeamka au arudi baadaye.

Nimetafakari. Kosa ni moja tu: nilichukua upande wa baba. Upande wa mama ni watu makini. Babu mzaa mama alikuwa mlinzi wa ghala la majani ya shamba hilohilo, na Mtaa Namba Nane bado hauna jina. Mjomba amekubali kusimama. Anasema anakumbuka kila kitu, hasa usiku ule ghala lilipoteketea lote. Safi kabisa! Kikao ni Jumamosi, tarehe 15, saa nne asubuhi.