Ushindi wa Delmer Stroud, Aliyeapa Kutorudi Nyuma

Sogezeni viti, enyi mlioketi barazani na enyi mliosimama mlangoni. Nanyi mlio jikoni punguzeni moto mje, kwa maana jambo ninalolisimulia ni kubwa, na koo langu si la jana. Nitamsimulia Delmer Stroud, kaka yangu wa tumbo moja, Mshinda Kutu, Bwana wa Spana Iliyopinda, aliyeivamia yadi ya magari mabovu ya mzee Pruitt kama wafalme wavamiavyo miji, akarejea nyumbani na ngawira iliyojaza ua wa mama yetu kutoka kibanda cha kuku hadi kamba ya nguo. Nisaidie, ewe harufu ya oili chafu, uliyekaa kwenye mapazia yetu hadi siku mapazia yenyewe yalipotupwa. Nikumbushe yote, nisimpunguzie shujaa hata tone la utukufu wake.

Ilikuwa Bakersfield, California, miaka michache baada ya vita vikuu vya pili. Vijana waliokuwa wadogo mno kwenda kupigana walibaki na hamu ya kupigana, wakatafuta adui, na adui wakampata kwenye chuma chakavu. Walichukua bodi ya gari hili, injini ya lile, magurudumu ya lori lililopinduka, wakaviunganisha kuwa gari moja la mbio lisilo na madigadi wala kifuniko cha injini, kwa kuwa waliamini kila kinachomkinga mtu na matope ni cha wazee. Kikosi chao kilijiita Mashetani wa Vumbi. Walikuwa na majaketi. Kwa kweli majaketi yalitangulia, magari yakafuata baadaye, na mengine hayakufuata kabisa.

Mkuu wao alikuwa Clovis Tackett, kijana wa mtaa wa pili, mrefu, mwenye gari jekundu ambalo, nakiri kwa uchungu, lilitembea. Na sheria yao ilikuwa hii: kila kipande kifunguliwe yadini kwa mkono wa mwenyewe, na mtu asimwelekeze mwenzake asipoulizwa. Kuuliza, kwao, kulikuwa aibu kuliko kulia mbele ya mchumba. Hivyo sheria ile tukufu ilikuwa na kazi moja tu, kumlinda kila mjinga ndani ya ujinga wake.

Chini ya ulinzi huo kaka yangu alistawi.

Siku alipokwenda kutafuta giaboksi, nilikuwa naye, nimembebea chupa ya chai baridi. Mzee Pruitt, mtu mpole aliyetembea na mbwa mzee kuliko biashara yake, alimwonyesha giaboksi mbili zilizolala kwenye majani makavu. Moja ilikuwa nzima lakini chafu. Ya pili iling'aa.

"Hiyo inayong'aa haina rivasi, mwanangu," mzee alimwambia. "Meno ya kurudi nyuma yamelika yote. Chukua hii chafu, bei ileile."

Delmer akapanda juu ya boneti ya gari lililokufa. Alisimama pale kama sanamu ya uwanjani, mkono kiunoni.

"Mzee Pruitt," alisema, "mimi nikitoka, natoka mbele. Rivasi ni ya watu wanaojuta. Nipe hiyo isiyo nayo."

Mzee alimtazama mbwa wake, mbwa akatazama pembeni. Kisha akamfungia ile inayong'aa kwa gunia, na juu yake akaweka mto wa kiti uliokuwa bado na manyoya, bure, maana alisema njia ya mtu wa namna ile huwa ndefu.

Basi ua wetu ukazingirwa. Chasisi ilikaa katikati kama mzoga wa tembo. Injini ilining'inia kwenye tawi la mti wa mkuyu, na Mama akawa anaizunguka kwenda kulisha kuku. Difu, lile boga la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, Delmer aliifungua yote aisafishe, akaitandaza kwenye shuka la kitanda, akaisugua hadi ikawa inaonyesha sura ya mtu, kisha akairudisha. Clovis alipita siku hiyo. Alisimama kwenye uzio, akaitazama ile difu, akafungua mdomo, akaikumbuka sheria, akafunga mdomo. Nilimwona. Alivua kofia, akajikuna, akaondoka taratibu kama mtu anayetoka kumwona mgonjwa.

Vita vikavuka mpaka wake siku shati jeupe la Baba, la kanisani, lilipoanguka kutoka kwenye kamba na kutua ndani ya karai la oili. Mama akatoka jikoni. Aliliinua kwa vidole viwili, akalitundika tena palepale, likitiririka, ili Baba alione atokapo kazini.

Baba yetu, Harlan Stroud, alikuwa mtu wa visima vya mafuta, aliyeshinda na kelele mchana kutwa na hivyo nyumbani hakupenda maneno mengi. Alilitazama shati. Alikaa mezani, akamaliza maharage na mkate wa mahindi, akapangusa sahani, ndipo akatamka hukumu. Jumamosi mchana mzee Pruitt angekuja na lori lake la kuvuta magari. Kama kabla ya hapo gari lingekuwa limetoka getini kwa nguvu zake lenyewe, likazunguka mtaa na kurudi, lingebaki. La sivyo, lingerudi lilikotoka, kila kipande, na ua ungekuwa wa Mama.

Delmer akasimama kujibu kwa hotuba. Baba akamwambia akae, chai inapoa.

Jumamosi ikapambazuka. Mashetani wa Vumbi wakajipanga kwenye uzio, wamevaa majaketi, jua likiwachoma bila huruma. Mzee Pruitt alifika mapema, akaegesha lori mbali kidogo na geti, mnyororo ameuficha chini ya kiti ili kijana asiuone. Mama alisimama na fagio, Baba kando yake. Naye Delmer, Simba wa Kamba ya Nguo, akapanda juu ya mto wa manyoya, uso kuelekea getini, akawasha. Injini ikanguruma. Nasema kweli, ikanguruma vizuri, na nilisahau kumdharau kwa kitambo.

"Mbele," akasema, kwa sauti ya chini, kama anayeongea na farasi.

Akaingiza gia ya kwanza, akaachia klachi, na gari likaruka nyuma kwa nguvu zote likaingia kibanda cha kuku.

Kuku walitoka. Manyoya yalishuka taratibu juu ya shujaa. Hakuna aliyecheka mara moja, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akajaribu gia ya pili, gari likazidi kuingia. Ndipo mzee Pruitt akaja, akachuchumaa chini ya ekseli, akainuka akijipangusa magoti.

"Difu umeirudisha kinyume, kushoto kumekuwa kulia, mwanangu," alisema. "Gurudumu la meno limekaa upande usio wake. Gia zako zote za mbele sasa zinakwenda nyuma. Ungekuwa na rivasi, hiyo ndiyo ingekupeleka mbele."

Kwenye uzio, kijana mmoja akasema, "Wee Delmer, si ulisema rivasi ni ya wanaojuta? Juta sasa tuone," na hapo vicheko vikapasuka, wakaegemeana, wakapigana mgongoni. Clovis peke yake hakucheka. Alikuwa akiviangalia viatu vyake.

Kaka yangu alishika usukani. Niliona kidevu chake kinashuka, kile kidevu cha kutembea nacho juu, nikajua hakuwa na gari jingine wala kitu kingine chochote duniani alichokiunda mwenyewe. Difu haifunguliwi kwa saa moja. Lori lilikuwa nje.

Ndipo akamgeukia Clovis Tackett, mbele ya majaketi yote, akafanya tendo lililomgharimu kuliko yote. Aliuliza.

"Clovis, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningeligeuza," Clovis akajibu, tayari ameshaupanda uzio. "Makalio yatazame getini. Linataka kwenda nyuma, liache liende."

Wakamtazama Baba. Baba alifikiri, akasema ndani ya ua wasukume watakavyo, ahadi inaanzia getini. Mashetani wakavua majaketi, wakalibeba gari lile wakiguna, wakaligeuza pua kwenye kibanda na mkia kwenye barabara. Mzee Pruitt naye alisukuma, ingawa alikuwa amekuja kulichukua.

Naye Delmer akapinda shingo, akatazama nyuma juu ya bega, akatoka getini kinyumenyume. Enyi majemadari wote mliopata kuingia mijini kwa matarumbeta, tazameni! Gia ya kwanza, ya pili, na kwenye kona ya kanisa, Mungu amsamehe, ya tatu. Mama alimtangulia mbio na fagio akiondoa baiskeli ya mtoto wa jirani barabarani. Kwenye njia panda Clovis alisimama katikati, amelitandaza jaketi lake ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa hata kulishika, akiyazuia magari ya watu wenye akili timamu hadi kaka yangu apite, akipita kama kamba wa mtoni akimbiaye kinyumenyume, manyoya ya kuku yakipepea kichwani.

Akazunguka mtaa. Akaingia getini. Akazima.

Baba alilizunguka gari. Mwanzoni tulidhani anatafuta kosa.

"Nilisema litoke kwa nguvu zake," akasema hatimaye. "Sikusema litazame wapi." Akamwambia mzee Pruitt arudi nyumbani, akampa mayai machache ambayo kuku waliyasahau.

Basi na ijulikane kwa vizazi vyote, na mapipa yote ya oili yashuhudie, kwamba siku ile Delmer Stroud, aliyeapa mbele ya mbwa na mzee kutorudi nyuma kamwe, alirudi nyuma mtaa mzima akashinda, ushindi ambao Bakersfield haikupata kuuona tena na wala haikuuomba. Kamba ya Mama ilihamishiwa upande wa jikoni, Clovis ndiye aliyechimba mashimo ya nguzo. Na jioni, shujaa alipoketi mezani na shingo yake imekwama, inatazama begani na haikubali kugeuka, Baba aliinuka, akachukua kiti chake na sahani, akaenda kuketi upande ule ambao mwanawe aliweza kumwona.